Uzinduzi wa Kituo cha Dopamini, Ipuli

Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa viongozi mliofika, na ninyi mliotuma udhuru. Viongozi wa dini zote. Wazee wetu, shikamooni. Wakulima wa tumbaku na wafuga nyuki kutoka Ipole. Na ninyi wananchi mlioko juani: itifaki imezingatiwa. (Makofi)

Ndugu zangu, kitaalamu, kutetemeka mikono si kurogwa kama mnavyonong'ona. Ni upungufu wa dopamini kwenye ubongo, na dopamini hiyo ikikutana na mabaki ya pombe inazaa alkaloidi iitwayo salsolinoli, neno ambalo nimelifanyia mazoezi wiki nzima. (Kicheko) Mimi binafsi, kwa maono yangu, nikajiuliza: Tabora hii iliyopitisha misafara ya pembe mpaka pwani, inashindwaje kupitisha dopamini ndani ya kichwa kimoja? (Vigelegele) Tukafanya upembuzi yakinifu, tukaunda fremuweki, tukaenda Dubai kuonana na wadau, na leo utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane ya maandalizi ya kuanza!

(Sauti ya mama: "Mheshimiwa, dawa ya mume wangu!")

Nani huyo? Aa, mama Spesioza wa Ulyankulu. Shikamoo mama. Nimeambiwa mzee Manirambona dawa zimemwishia, hata kijiko hakishiki. Pole sana. Ndiyo maana nikaagiza alazwe kitanda cha mbele, kamera zimwone vizuri. Mzee, tulia hapo hapo. Jamani, msiitoe hiyo nailoni ya godoro! (Makofi)

Dawa, mama, ziko kwenye mchakato, na mchakato ukikamilika utaingia kwenye mfumo, na mfumo ukishasoma...

("Lini, baba? Hajala tangu jana!")

Mama, tusiingize siasa kwenye alkaloidi.

Dopamini! ("Oyee!") Kutetemeka! ("Ziii!") Mikono juu wote! (Mikono inanyanyuka, ya mzee Manirambona inatetemeka.) Mmeona? Mzee anatupungia!

Kwa kumalizia, namshukuru sana ndugu yetu Narendra kwa kutuazima ghala lake la samani, ambalo tumelipaka rangi ule upande wa barabarani, na Kherunisa kwa mapazia. Naona Narendra ananionyesha saa. Mteja wake ameshafika na gari. Haya, vijana, bango lishusheni taratibu, kesho kutwa tunazindua nalo Nzega. Na wewe mama Spesioza, hebu msaidie mzee ateremke, kitanda kimeuzwa. Asanteni sana kwa kunisikiliza.