Mistari ya Wiki Nzima kwa Asubuhi Moja

Jumatatu, 4 Oktoba 1971. Kasulu

Ushindi umekaribia! Mzee Abdulrahmani amepokea posa mbili za binti yake Mwajabu: yangu mimi Hilali, mtoto wa mwenye duka, na ya Athuman, fundi baiskeli wa baraza ya pili kutoka dukani kwetu. Mzee kamwachia binti achague. Binti ni mwalimu wa kujitolea wa darasa la watu wazima, kwa hiyo kachagua kialimu. Kila mmoja wetu aandike mstari mmoja kwa siku, wa jambo aliloliona au kulifanya siku hiyo hiyo. Ijumaa tusome darasani. Anasema anataka mume anayeweza kufanya jambo dogo kila siku bila kusukumwa.

Mstari mmoja! Mimi niliyemaliza darasa la saba! Nampenda Mwajabu mpaka nikipima sukari nazidisha. Bahati nzuri baba yuko Kibondo kwa biashara.

Jumanne, 5 Oktoba

Mstari wa jana sikuuandika. Nilikuwa na shughuli ya kuandika humu.

Lakini akili ni nywele. Kwa nini mtu ahangaike siku tano na kazi ya asubuhi moja? Nimechana karatasi za kufungia sukari, nimeandika mistari yote, Jumatatu mpaka Ijumaa, nikaitia kwenye mkebe wa majani ya chai. Yote ya kazi na maendeleo. Wa Alhamisi ndio mtamu kuliko yote: "Leo nimelima shamba langu la bondeni tangu alfajiri mpaka adhuhuri, jasho likinitiririka kwa faida ya Taifa." Machozi yalinilenga.

Athuman nilimwona barazani kwake anatafuna penseli. Akaandika kidogo, akafuta, akarudi kwenye spoki zake. Masikini ya Mungu.

Alhamisi, 7 Oktoba

Msiba tangu jana. Mzee Nsengimana, ambaye shamba lake limepakana na letu kule bondeni, amefariki. Mtu mwema, alikuwa akinigawia mihogo bila kuniuliza kwa nini sina yangu. Nimehuzunika kweli.

Huku kwetu jirani akifa hakuna anayeshika jembe mpaka matanga yaanuliwe. Ukilima ni kama umekifurahia kifo. Mvua zimeanza, kila mtu ana haraka ya kupanda, lakini bonde zima kimya. Nilishinda msibani na wanaume wenzangu. Athuman naye alikuwapo, anatazamatazama mashamba kama mtu aliyepoteza kitu. Labda anatafuta mstari. Mimi wangu uko mkebeni, nimetulia.

Ijumaa, 8 Oktoba

Nimesoma!

Kwanza alisoma Athuman. Mstari wake wa jana: "Leo sikusikia jembe hata moja bondeni." Basi, umekwisha! Nilitaka kucheka. Mwajabu akamwomba arudie. Rosa, mama muuza dagaa anayekaa benchi la mbele, akajifuta macho kwa kanga. Sijui ameona nini.

Nikasimama mimi. Sikuwa nimeipitia karatasi yangu. Mtu haikagui kazi yake mwenyewe kama anaiamini. Nilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nilipomaliza kulima kwa faida ya Taifa, darasa zima likanyamaza. Kimya kikubwa! Athuman hakupata kimya kama kile. Posa yangu imepita.

Jumamosi, 9 Oktoba

Haijapita.

Rosa alitoka darasani moja kwa moja mpaka msibani, akamweleza Mzee Sylvesta, kaka wa marehemu, kwamba mtoto wa mwenye duka amelima siku ya pili ya msiba na amejisifu hadharani. Leo nimekwenda kukaa na wenzangu, hakuna aliyenipigia makofi ya salamu, kama tunavyoamkiana huku kwetu. Hata mmoja! Nilipiga ya kwangu peke yangu, nikaona aibu, nikaacha. Mzee Sylvesta akasema kesho wazee watakwenda shambani kwangu kuliona kosa kwa macho, kisha waseme nitozwe mbuzi wangapi.

Nimepiga hesabu zangu. Nikikiri sikulima, Mwajabu atajua nilidanganya na nimemkosa. Nikishikilia nililima, ni mbuzi tu, na mbuzi ni wa baba. Nimeamua. Nililima.

Jumapili, 10 Oktoba

Tulikwenda watu wengi. Mwajabu na baba yake pia. Nikasimama mbele ya wazee, nikasema kwa ujasiri kwamba ndiyo, nililima, naomba radhi, jembe lilinizidi nguvu.

Mzee Sylvesta akauliza nililima wapi. Nikaonyesha. Nyasi zilikuwa zimenifika kifuani. Akauliza tena, pengine hajaona vizuri. Nikaingia ndani ya nyasi kumwonyesha, na kanga akaruka kutoka miguuni pangu kwa kelele, ameacha mayai. Wazee wakayatazama mayai. Wakanitazama mimi.

Mzee Sylvesta akaanza kucheka. Wanasema hakuwa ametabasamu tangu mdogo wake afe, sasa akacheka mpaka akashikwa bega. Akatoa hukumu kwamba shamba hili halijaona jembe tangu mwaka juzi, kwa hiyo msiba haukuvunjwa, na mbuzi abaki kwao. Kisha akanipigia makofi ya salamu, na wote wakafuata.

Nimeshinda kesi! Ila Mwajabu hakupiga makofi. Alikuwa anatazama chini. Hilo limeniuma kuliko kupigwa.

Jumatatu, 18 Oktoba

Nimeitwa kwa Mzee Abdulrahmani. Athuman alikuwa ameshakaa. Mwajabu kasema wiki moja si mazoea, hivyo Athuman hajashinda. Mimi, kasema, nimeshindwa vibaya, lakini msibani nilikaa kweli siku zote, hilo kaliona, basi ananipa nafasi ya mwisho. Mwezi mzima wa Ramadhani, kuanzia siku ya kwanza ya kufunga wiki hii mpaka Idi: mstari mmoja kwa siku, na uwe wa kweli. Kila Ijumaa tusome mbele ya baba yake. Aliposema nafasi ya mwisho sauti ilimtetemeka kidogo. Ananipenda, jamani! Karibu nilie.

Sirudii kosa. Kosa langu lilikuwa kuandika mambo makubwa. Mtu akisema amelima, watu watakwenda kutazama shamba. Safari hii nimechagua mambo madogo yasiyokaguliwa, na nimeyamaliza yote leo baada ya adhuhuri, mwezi mzima, mkebe umejaa. Ijumaa hii naanza na huu: "Leo mchana nimekula ugali kwa maharage, nikashiba, nikamshukuru Mungu."

Wa kweli, mfupi, wa kumcha Mungu. Nimwone huyo atakayesimama mbele ya Mzee Abdulrahmani abishe kwamba mtu amekula mchana!