Nadhiri ya Doña Herminia na Viatu Vyangu

Jumatatu, 2 Oktoba
Zahanati ya Pharr ina nafasi moja tu, na darasa letu la uzamili wa uuguzi lina wawili wanaoitaka. Mimi, Wilfrido Zamarripa, mzaliwa wa bonde hili la mpakani, kusini mwa Texas. Na Karin Lindqvist, aliyetua Texas Agosti kutoka Minnesota na bado anakula tortila, chapati yetu ya mahindi, kwa uma. Mwalimu wetu, Daktari Quintanilla, anasema nafasi ni ya atakayejua kuishi na wagonjwa wa mitaa yetu. Basi kwisha kazi. Jina langu la ukoo, la Kihispania kama yao, linatosha.

Mgonjwa wangu ni Doña Herminia, yaani Bibi Herminia, miaka sitini na minane, ana kisukari. Kidonda kipo chini ya mguu wa kushoto. Kisipoanza kufunga, tarehe 16 anakatwa vidole viwili. Mpango wangu: viatu maalumu, laini, na karatasi ya masharti kumi na manne. Juu ya karatasi nimebandika picha ya Bikira Maria. Utamaduni umeshaingia hapo.

Jumatano, 4 Oktoba
Doña alinipikia supu ya nyama na mahindi. Nikakataa, nikamwambia niko kazini. Akasema sawa mwanangu, akafunika sufuria. Nikamkabidhi viatu, na masharti yote aliyaitikia: ndiyo mwanangu, Mungu akulipe. Dakika ishirini na mbili, nimemaliza. Karin hukaa saa mbili kwa mgonjwa wake. Maskini, mzito wa kuelewa.

Jumatatu, 9 Oktoba
Kidonda kimepanuka. Nikamuuliza kama anavaa viatu. Akasema hajawahi kupata viatu vizuri kama vile. Kumbe mimi nilificha kifaa cha kuhesabu hatua ndani ya soli. Hatua kumi na moja, siku tano. Nadhani ni kutoka boksini hadi kabatini. Nimechapisha masharti upya kwa herufi kubwa.

Jumatano, 11 Oktoba
Mwalimu ameniongezea Karin. Aibu gani hii. Karin akala supu bakuli mbili, Doña akimtania ale polepole, supu haina miguu. Kisha Karin, kwa Kihispania chake cha kuokoteza, akauliza kuhusu picha iliyo karibu na mshumaa. Doña akalia. Ni mjukuu wake, binti wa miaka kumi na tisa. Aprili alilazwa San Antonio, mapafu yamegoma, na bibi akaweka nadhiri: akipona, atakwenda pekupeku hadi kanisa la hija la Bikira wa San Juan, mji wa jirani. Binti akapona. Tangu Agosti bibi anazunguka ua pekupeku kila asubuhi, anauzoesha mguu. Karin akauliza mbona hakusema. Akajibu kwamba kijana alikuwa na haraka zake, na kumbishia mtu aliyesoma ni kumkosea adabu.

Picha ile niliiona mara mbili. Nilidhani pambo. Imeniuma, siwezi kudanganya humu.

Karin akauliza nani angeweza kumpunguzia mzigo wa nadhiri. Doña akasema labda padri. Wakampigia. Padri kasema familia itembee pekupeku kwa niaba yake, yeye aende kwa kiti cha magurudumu, viatu mguuni.

Jumamosi, 14 Oktoba
Leo ndiyo safari ya nadhiri. Mpango mpya: nami nitembee pekupeku, mbele kabisa, nipigwe picha ya kumpelekea mwalimu. Lami haina huruma hata Oktoba. Maili ya kwanza haijaisha, nyayo zimechubuka. Doña akataka kuniachia kiti chake, Karin akamrudisha. Mjukuu, ambaye mapafu bado hayamruhusu mwendo mrefu, alikuwa akiendesha pikapu nyuma ya msafara. Akanifunga kitambaa, akanipa maji, akanipakia. Njia nzima nilimweleza maana ya nadhiri kwa watu wetu. Msikivu sana.

Mbele ya altare Doña aliushika mkono wa yule binti bila kuuachia. Sikujua niangalie wapi.

Jumatatu, 16 Oktoba
Kidonda kimeanza kufunga. Kisu kimeahirishwa. Nilifurahi kweli, nikamkumbatia Doña.

Mchana mwalimu akatuita mmoja mmoja. Nikampa ripoti ya kurasa tisa: historia ya nadhiri, picha, idadi ya malengelenge yangu. Akaifunga, akauliza swali moja: mjukuu anaitwa nani. Nikaeleza mapafu. Akauliza tena. Nikasema pikapu ilikuwa nyekundu.

Nafasi kapewa Karin. Kwa swali moja, tena halimo kwenye mtaala. Naandika rufaa kuthibitisha kwamba hakuna anayeifahamu familia hii kama mimi. Imefika kurasa tatu. Pale penye jina la binti nimeacha pengo; Karin atanijazia.