Tangazo la Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kaja kinyozini na futi kamba. Chumba ni chake, mimi nimepewa tu ninyolee watu. Kapima kuta zote nne bila salamu! Kasema Jumamosi akinikuta bado napiga miayo, shemeji yangu anaingiza cherehani zake. Nguo zake akashone kwingine! Mke wangu kashauri niwaulize wateja wanataka nini. Niwaulize? Watu ninaowashika vichwa kila wiki? Nimebandika tangazo mlangoni: “Wazee wetu, hata mkibaki na nywele tatu, tutazinyoa.” Tamu hiyo.

Jumanne, 4 Machi
Hakuja mzee hata mmoja. Mwalimu mstaafu, ambaye Jumanne hakosi, kapita ng’ambo ya barabara, kofia mpaka masikioni. Nikampungia. Akanuna. Kumbe walikuwa wanakuja kupiga soga na kuusahau upara! Shauri yao. Nahamia kwa vijana.

Jumatano, 5 Machi
Nimewaandikia vijana kurasa mbili kuhusu afya ya ngozi ya kichwa, nimeanzia wembe wa babu yangu. Nikatuma kwenye kundi la mtaa. Mmoja kaona urefu wa ujumbe, kauliza nani kafariki. Kinyozi wa pili, adui yangu, kaweka picha ya kichwa kimoja tu kilichochongwa vizuri. Foleni mpaka barabarani! Na kuandika hajui. Roho imeniuma.

Alhamisi, 6 Machi
Leo zamu ya akina mama: “Leteni watoto wenu wenye vichwa vichafu.” Muuza mboga kaja mbio. Mtoto hakumleta, kaleta mdomo. Kanisema mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. Nimelia nyuma ya pazia. Kweli, nimelia.

Jumamosi, 8 Machi
Cherehani zimeingia. Kiti changu cha kunyolea kimesukumwa konani, shemeji anakirundikia vitambaa. Mke wangu hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo limenimaliza. Nimebaki sina pa kwenda asubuhi.

Lakini kosa nimeliona: nilikuwa mpole mno! Shemeji kanisihi, mikono kifuani, nisimwandikie chochote. Maskini, matangazo hayajui. Nimeshatuma kwenye kundi: “Wanene wote karibuni, kitambaa cha kuwatosha kipo.” Na safari hii nimeweka picha.

Ya mama mkwe.