Sambaza wa Sainte-Lucie

Jumatatu, 9 Februari 2015
Buffalo, Marekani. Theluji magotini. Basi la kwenda kiwandani Tonawanda limechelewa, nikaingia ofisi ya safari za ndege kupasha vidole moto. Mama wa humo akadhani mimi mteja! Kanipa kijitabu cha kisiwa cha Sainte-Lucie, huko Karibi. Milima miwili imechomoza kando ya bahari. Chemchemi za volkano, watu wanajipaka tope la moto na kucheka. Migomba mpaka barabarani. Nilisoma mpaka basi likanipita. Ee Mungu, nina hamu ya kuvua soksi.

Jumatano, 11
Chimène anatunza wazee, anaimba kwaya yetu, na ndiye ninayemtaka. Balagizi, mwenzangu wa kiwandani, anampa lifti kila wiki. Gari lake lina viti vya moto! Mimi nina tiketi ya basi. Basi leo, baada ya mazoezi, nimemwambia nilitembelea Sainte-Lucie mwaka jana. Macho yake yaliwaka. Kaomba nimsimulie Jumamosi, kwa dada yake. Balagizi akakumbusha kwamba mwaka jana wote tulifunga maboksi pamoja, sikukosa hata siku moja. Wivu tu.

Ijumaa, 13
Balaa. Kijitabu kimelowa mfukoni, kurasa zimegandana. Nimebaki na milima na tope. Haidhuru. Kisiwa ni kisiwa, na mimi nimezaliwa Ijwi, katikati ya ziwa Kivu. Panapopungua nitajazia.

Jumamosi, 14
Nilianza vizuri. Milima. Tope. Halafu ulimi ukaenda wenyewe: mananasi, ukungu wa asubuhi, wavuvi wakiimba katika mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, mama akianika sambaza, vile visamaki vya Kivu, juu ya bati. Nilisahau kabisa kwamba nadanganya.

Chimène aliweka kikombe chini. "Ndugu Gaspari, ile ni Ijwi. Mama yangu alizaliwaka kule."

Nikaangalia koti langu liko wapi. Lakini alikuwa analia, taratibu, bila kujifuta.

"Bon, endelea," akasema. "Lakini uache ile Sainte-Lucie."

Nikaendelea. Nilimpandisha kutoka gatini hadi kanisani, nyumba kwa nyumba, mpaka chai ikapoa. Balagizi alipopiga simu kuuliza kama anataka lifti, hakupokea. Kaniambia nirudi Jumamosi ijayo. Nimetembea mpaka nyumbani kofia mkononi, sikusikia baridi.

Jumatatu, 16
Nimewaza sana, kosa langu nimeliona. Ni samaki! Bila wale sambaza asingejua kitu. Nimerudi ofisi ile na mfuko wa plastiki, nimechukua kijitabu cha Barbados. Kikavu kabisa. Basi limenipita tena. Jumamosi nitamwambia Chimène huko nako nilifika, mwaka juzi. Safari hii sambaza wabaki Ijwi.