Nyumba ya Mama Mkwe kwa Makadirio Yangu

Jumatatu, 6 Mei

Siku kubwa! Mama mkwe anajenga. Ametuita wakwe zake wawili, akatandaza ramani ya nyumba mezani, akasema kila mmoja alete makadirio ya gharama Jumamosi. Atakayemridhisha ndiye atakayesimamia ujenzi.

Wakwe wenyewe ni mimi na mwanyumba wangu, aliyeoa dada wa mke wangu. Namwita Desimali, maana hajawahi kutaja namba isiyo na nukta. Yeye ana kompyuta. Mimi nina jicho. Nimekadiria maduka, mageti na kuta za nusu ya mtaa huu, na hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Hakuna aliyerudi kabisa.

Jambo moja linaniuma. Desimali huitwa "mwanangu". Mimi huitwa "mkwe". Miaka yote hii! Leo yeye kaambiwa, mwanangu, ongeza chai. Mimi nikaambiwa, mkwe, sogeza kiti. Nikasogeza. Lakini nyumba hii ikisimama mikononi mwangu, ataniita mwanangu mbele ya ukoo mzima.

Jumanne, 7 Mei

Ramani ni moja, kwa hiyo tunapokezana: leo kwangu, kesho kwa Desimali. Maskini, hajui anashindana na nani. Asubuhi na mapema nilikuwa steshenari kutoa fotokopi, ili niwe nayo wiki nzima. Mama wa mashine akaniuliza aitoe kubwa vilevile. Nikamwambia aipunguze nusu, iingie mfuko wa shati. Mtaalamu hatembei na karatasi kama shuka.

Imetoka safi. Namba za vipimo zimekuwa ndogo kama mchanga, hazisomeki, lakini namba ni za wanafunzi. Skeli nimeisoma kabla ya kutoka nyumbani: sentimita moja kwenye karatasi ni mita moja kiwanjani. Nina rula. Yatosha.

Ramani yenyewe nimempelekea Desimali hata kabla ya adhuhuri, nikitabasamu. Akashukuru. Akaniuliza kama nimemaliza kweli. Nikamwambia wengine hatuhitaji siku nzima.

Jumatano, 8 Mei

Nimepima kila ukuta kwa rula. Ajabu! Nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko na choo cha ndani, lakini tofali zake chache, saruji kiduchu, mabati ya kuhesabu kwa vidole. Mchoraji wa ramani hii ni hodari. Vyumba vyote vimebanana vizuri, hakuna nafasi iliyopotea.

Mke wangu alichungulia, akauliza kama gharama si ndogo mno. Nikamweleza kwa upole kwamba hiyo ndiyo tofauti ya mkadiriaji na muuzaji wa saruji. Akasema haya, baba. Kisha akauliza tena. Nikaongeza asilimia kumi ya tahadhari ili alale.

Ijumaa, 10 Mei

Nilikwenda kwa Desimali kuazima ngazi. Sihitaji ngazi. Nilihitaji kupita karibu na meza yake.

Masikini ya Mungu! Jumla yake ni zaidi ya mara tatu ya yangu! Ilibidi nitoke nje nikacheke nyuma ya nyumba, mpaka shemeji yangu akaja na glasi ya maji akidhani nimepaliwa. Nilifikiria kumwonya mwenzangu. Utu ulinisukuma. Nami nikausukuma.

Nimerudi na ngazi. Ni nzito sana.

Jumamosi, 11 Mei

Andika kwa herufi kubwa: NIMESHINDA.

Desimali alisoma kwanza. Alipofika kwenye jumla, mama mkwe alifumba macho, akavuta pumzi. Kisha nikasimama mimi. Nilikuwa nimevaa koti. Nikasoma taratibu, jumla nikaisoma mara mbili.

Mama mkwe akauliza kama ni pamoja na paa. Pamoja na paa, mama. Na milango? Na milango, mama. Na choo? Choo ndani ya nyumba, mama. Desimali akataka kujua nimefikaje hapo. Nikamjibu kwamba uzoefu haufundishwi kwenye kompyuta. Mama wadogo wawili, wadogo zake mama mkwe, wakapiga makofi. Nayasikia mpaka sasa.

Mama mkwe akatangaza kwamba nitasimamia mimi. Akasema, mkwe, kumbe! Bado mkwe, lakini hiyo "kumbe" ina uzito wake. Na kwa pesa iliyobaki, saa ileile akaagiza kwa seremala kitanda kikubwa cha kifahari na kabati la milango mitatu. Nikampongeza kwa uamuzi.

Jumatatu, 13 Mei

Leo fundi na vijana wake wamepiga vigingi na kuvuta kamba pale kiwanjani. Vipimo nilivitaja mimi mwenyewe, kutoka mfukoni. Fundi hakuuliza swali hata moja. Kazi ya siku mbili imekwisha kabla jua halijawa kali, na alikwenda zake akipiga mluzi. Mafundi hufurahi wakipata msimamizi anayejua kazi.

Kesho mama mkwe anakuja kukagua. Nimepiga pasi koti.

Jumanne, 14 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Mama mkwe alikuja na mama wadogo wote wawili, na Desimali nyuma yao kabeba ramani kubwa. Nikawakaribisha sebuleni, yaani ndani ya kamba. Walipoingia watatu, mimi nikakosa pa kusimama. Mama mkwe akauliza chumba chake kiko wapi. Nikamwonyesha. Akauliza kitanda kitakaa wapi. Nikasema hapa, mama. Akanitazama, akasema basi, mkwe, lala tuone.

Mkwe hakatai. Nikalala chini na koti langu. Kichwa kilikuwa chumbani, miguu ikawa jikoni.

Desimali akainama, akachomoa fotokopi mfukoni mwangu nikiwa bado nimelala, akaiweka juu ya ramani kubwa. Ikafunika kona moja tu. Mama mdogo mkubwa akaanza kucheka, mwenzake akafuatia, hata mpita njia asiyehusika akasimama kucheka. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anafikiria kitanda na kabati alivyokwisha kuvilipia. Hapo niliona aibu ya kweli. Nikamwambia nisamehe, mama, hakuna hata jembe lililogusa ardhi.

Akaniinua kwa mkono. Akanipangusa vumbi begani. Akasema, mwanangu, nenda nyumbani kapumzike, nyumba yangu usiiguse tena.

MWANANGU! Mbele ya watu wote! Machozi yalinitoka. Wengine walisikia maneno yaliyofuata. Mimi sikuyatilia maanani.

Alhamisi, 16 Mei

Nyumba imekwenda kwa Desimali. Simwonei wivu, mtu kapewa kazi, mimi nimepewa jina. Mke wangu anasema nikubali kosa. Nimekubali: kosa ni la mashine.

Sifa zangu za bei nafuu zimeenea. Leo kaja kinyozi wa jirani, anataka makadirio ya saluni ya viti viwili, na ramani anayo. Nimeahidi kumjibu kesho. Safari hii sirudii uzembe ule. Nimekwenda steshenari, nikamwambia yule mama aikuze ramani mara mbili, ili asitokee mtu wa kusema ndogo.

Nimeshapima kila ukuta. Kinyozi hakuwa anajua kwamba saluni ya viti viwili inahitaji safu mbili za nguzo katikati kushikilia paa. Angejuaje? Ndiyo maana watu hutafuta mtaalamu.