Tajiri wa Siku Nne

Jumatatu, 3 Machi
Uchumba wangu uko pabaya. Ijumaa baba wa mchumba wangu anakuja kututazama jukwaani, kisha aamue kama nitamwoa bintiye. Mchumba aliwahi kuniambia baba anafanya kazi hospitali kuu. Daktari! Na mimi, katika mchezo huu wa kale, ni mtumishi. Naingia na sinia, nasema ndiyo bwana, natoka. Daktari amwoze binti kwa mbeba sinia? Thubutu!

Jumanne, 4 Machi
Nimemwendea Kinyozi, mwigizaji mwenzangu anayeigiza tajiri. Nikamwambia watazamaji humpenda zaidi mtumishi, tubadilishane. Akakubali kabla sijamaliza. Bwege! Mwongozaji hakuwa na neno. Kila mwigizaji hupewa kurasa zake tu. Za tajiri ni chache, na wa mwisho una maneno mawili: "Tajiri anatii." Kosa la mpiga chapa, bila shaka. Amtii nani?

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia simu baba mkwe mtarajiwa. Nikamwita Daktari mara mbili. Kimya. Nikamwambia nina watumishi watatu. Sikutaja kuwa ni wa jukwaani. Kimya zaidi. Heshima hiyo!

Jumamosi, 8 Machi
Jana, sehemu ya mwisho, watumishi wakanigeuka! Kinyozi akaketi kwenye kiti changu, akaniamuru nipige deki. Ndoo ya maji ya kweli! Nikapiga magoti, nikasukuma tambara huku na huku. Mara sauti kutoka safu ya mbele: nikamue tambara kwanza, na nirudi kinyumenyume! Baba mkwe. Akapanda jukwaani, akakunja suruali, akanionyesha. Watu wakashangilia, wakidhani ndio mchezo wenyewe. Nikajua nimekwisha.

Kumbe! Kule hospitali anapiga deki, mwaka wa ishirini na sita huu. Nyuma ya pazia akasema nilipomwita Daktari aliona haya kunisahihisha. Tena habari ya watumishi ilimnyima usingizi: binti yake ataishi vipi na wakubwa? Nikamwambia sina hata paka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Amekubali! Nimeshusha pumzi ya wiki nzima. Uongo basi, sirudii.

Jumapili, 9 Machi
Shangazi wa mchumba anakuja keshokutwa kuniona. Anafanya kazi benki. Meneja! Nimeshamtumia ujumbe kwamba gari langu liko gereji.