Magadi Kwenye Miche ya Chai

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kura ya mwenyekiti wa kikundi chetu cha miche ya chai, hapa Nyacheki, ni Jumapili. Kiti hicho nimekikalia miaka tisa. Sasa Tryphosa, mwalimu wa kemia mstaafu, anakitaka. Leo amewaambia wanachama kwamba chai hupenda udongo wenye asidi, na kwamba mbolea ya salfeti ya amonia huongeza asidi. Upuuzi! Salfeti ni chumvi. Asidi na alkali zikikutana zinamalizana, inabaki chumvi, isiyo hiki wala kile. Hata mimi nilifika kidato cha pili.

Jumanne, 4 Machi
Nimempa changamoto mbele ya watu: chumvi tatu, kila mmoja atabiri, kisha karatasi ya kupimia asidi na alkali iamue. Amekubali bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake. Dharau. Ataaibika.

Alhamisi, 6 Machi
Chumvi ya mezani, salfeti ya amonia, magadi. Kila moja kwenye glasi ya maji. Nilitabiri zote si asidi wala alkali. Yeye alisema hivyo kwa ya kwanza tu. Ya pili asidi, ya tatu alkali. Karatasi ikamtii kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikasema maji ni machafu. Akasuuza glasi, akarudia. Yale yale.

“Mzee Ochoki,” akasema, “chumvi huzaliwa na asidi na alkali. Hufuata mzazi mwenye nguvu. Wakilingana nguvu, haimfuati yeyote.”

Katibu wangu Nyangate aliyaandika maneno hayo. Msaliti.

Ijumaa, 7 Machi
Karatasi si shamba. Mke wangu Mokeira analainisha mboga ya chinsaga kwa magadi tangu tuoane na hakuna aliyekufa. Nimeyeyusha kilo mbili, nikamwagilia miche yote mia nne ya kikundi. Mokeira alinisihi nimuulize mwalimu kwanza. Nimuulize yule?

Jumamosi, 8 Machi
Sabato. Nimeiombea miche. Tryphosa sikumwombea.

Jumapili, 9 Machi
Majani yamekuwa rangi ya ugoro. Tryphosa hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Kura: yeye thelathini na moja, mimi moja. Mokeira amekiri kwamba hiyo moja si yake. Nimeamriwa nioteshe miche mingine mia nne.

Sawa. Kosa lilikuwa magadi tu. Chumvi ya mezani si asidi wala alkali, Tryphosa mwenyewe amesema, kwa hiyo haiwezi kudhuru mmea wowote. Nimeshanunua kilo kumi.